Nati Iliyojificha Nyuma ya Choo

Dada mpendwa, kama ungenitembelea nyumbani kwangu hapa Dodoma wakati ule, ungekuta choo kinang'aa. Sakafu imepigwa deki, sabuni iko mahali pake, taulo safi inaning'inia mlangoni. Lakini kama ungepiga magoti na kuchungulia nyuma ya sinki la choo, kule ambako hata ufagio haufiki, ungekuta kopo tupu la maziwa ya unga. Kopo hilo lilikaa pale miezi minne. Kazi yake ilikuwa kukinga maji yaliyodondoka kutoka kwenye nati iliyo chini ya tangi.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nililimwaga. Jioni nikirudi nililimwaga tena. Nilikwisha kumwambia baba watoto zaidi ya mara tatu, naye kila mara alijibu kwamba Jumamosi ataitazama. Jumamosi ikifika kuna msiba, au harusi, au kikao. Nami sikumsukuma sana, kwa sababu nilikuwa nimechungulia mwenyewe nikaona palivyo pabaya. Kati ya tangi na ukuta palipita vidole tu, na ili uione ile nati ilikubidi uinamishe kichwa hadi shavu liguse sinki. Nikasema moyoni, kopo linatosha.

Halikutosha. Mama mkwe alikuja kwetu kwa matibabu ya macho. Wiki hiyo nilikuwa zamu ya usiku, na hakuna aliyekumbuka kumwaga kopo. Saa nane usiku mama aliamka kwenda chooni bila kuwasha taa, kama wafanyavyo wazee wengi wakiogopa kuwasumbua wenye nyumba. Vigae vilikuwa vimelowa. Aliteleza, akajikinga kwa mkono, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Habari zilinikuta wodini, nikiwahudumia wazazi wa watu wengine.

Alifungwa plasta kwa wiki sita. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema tu, "Mwanangu, ni macho yangu haya." Lakini mimi nilijua kwamba si macho. Lilikuwa ni lile kopo.

Hasira haifungui nati

Siku ya pili, nikiwa sijalala vizuri na moyo umejaa hasira, niliingia chooni na spana kubwa ya bomba. Sikumngoja mtu. Niliegemea tangi, nikaning'iniza kichwa upande wa nyuma, nikaibana nati kwa spana na kuizungusha kushoto, maana kila mtu anajua kwamba kushoto ni kufungua. Ikawa ngumu. Nikaongeza nguvu. Ikawa ngumu zaidi. Nikakaza meno, nikavuta kwa mikono miwili, na hapo nikasikia mlio mkavu kama sahani ikipasuka. Ufa ulipanda ubavuni mwa tangi, maji yakamwagika miguuni mwangu. Nilikimbilia koki ndogo ya ukutani, nikaikuta imeganda kwa chumvi. Ilibidi nitoke nje mbio, khanga imelowa, hadi kwenye koki kuu karibu na mita.

Alipoitwa fundi, mzee mmoja wa makamo, alichungulia kwa tochi, akaitikisa nati kidogo, kisha akanitazama kwa huruma. "Mama," alisema, "hii nati haikukukatalia. Ulikuwa unaikaza."

Ndugu yangu, tafadhali zingatia jambo hilo, maana wengi hawalijui. Nati ya chini ya tangi hupandishwa kutoka chini. Ukilala chini na kuitazama kutoka huko, ni kweli kwamba kushoto ni kufungua. Lakini ukiinama juu ya tangi, unaitazama kwa upande wa pili, na mambo yote yanageuka. Hapo kulia ndiko kufungua. Kama huamini, chukua chupa ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha. Ipindue kichwa chini, itazame kutoka upande wa kitako, kisha ufungue kifuniko. Utaona mkono wako unazunguka kulia.

Jioni ile nilimweleza baba watoto kila kitu, nikitegemea kugombezwa kwa sababu ya gharama ya tangi jipya. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nilishajaribu, mama watoto. Mkono wangu haupiti pale. Niliona haya kukuambia." Kumbe kwa miezi minne tulikuwa tunangojeana. Yeye aliona haya kusema kwamba ameshindwa, nami niliona haya kuingilia kazi niliyoihesabu kuwa ya mwanamume. Katikati yetu mama akavunjika mkono.

Tangu hapo nimejifunza kazi hii kidogo kidogo kwa yule fundi na kwa kuifanya mwenyewe. Ninakuandikia niliyoyajua, ili kopo la kwako lisikae hata wiki moja.

Jua kwanza maji yanatoka wapi

Maji hupita juu ya bomba yakadondokea mbali na pale yalipoanzia. Kwa hiyo usiamini mahali palipolowa. Kausha kila kitu kwa tambara, kisha zungushia kila kiungio kipande cha karatasi ya chooni iliyo kavu. Ngoja dakika kumi. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo itakayokueleza ukweli.

Kama maji yanadondoka wakati wote, mara nyingi tatizo huwa kwenye bomba linaloleta maji, yaani kwenye koki ya ukutani au kwenye nati ya chini ya tangi. Kama yanadondoka pale tu unapovuta maji, shuku mpira mnene ulio kati ya tangi na sinki, au bolti zinazoviunganisha. Kama yanatoka chini kwenye nyayo za sinki baada ya kuvuta, hayo ni maji machafu, nitayaeleza mbele. Na wakati mwingine tangi hutoa jasho tu kwa nje, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Hilo halihitaji spana, ila sakafu ni lazima ifutwe.

Upo pia uvujaji wa kimya, ambao hauonekani sakafuni kabisa. Maji hupenya ndani ya tangi na kuingia kwenye sinki usiku na mchana. Weka rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama ndani ya sinki. Ukiona rangi, basi mpira wa chini unaozuia maji umechoka, au boya limepangwa juu mno na maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada.

Usidharau tone. Sisi wauguzi tumezoea kuhesabu matone. Mipira mingi ya dripu tunayotumia hutoa mililita 1 kwa matone 20. Tone la bomba laweza kuwa kubwa zaidi, lakini tulitumie hilo kwa makadirio. La kwangu lilidondoka mara 30 kwa dakika, yaani mililita 1.5. Hizo ni zaidi ya lita 2 kwa siku, na kwa miezi minne ni kama lita 260, sawa na madumu 13 ya lita 20. Uvujaji wa kimya ni mbaya zaidi. Ukiweza kujaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja, ni lita 360 kwa siku, madumu 18. Kwa siku 30 ni lita 10,800. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo unalipia karibu uniti 11 ambazo hakuna aliyekunywa wala kufulia.

Mkono usipofika, jicho litangulie

Usipeleke mkono mahali ambapo jicho halijafika. Chukua tochi na kile kioo kidogo cha kwenye pochi. Kishike kioo chini ya tangi, umulike tochi kwenye kioo, nawe utaona nati bila kulaza shavu popote. Siku hizi simu imerahisisha mambo: ipeleke nyuma ya tangi, piga picha ukiwa umewasha mwanga wake, kisha itazame picha kwa utulivu. Utajua kama nati ni ya chuma au ya plastiki, na kama imeota kutu au ukoko wa chumvi.

Kisha funga maji. Koki ndogo ya ukutani hufungwa kwa kuizungusha kulia. Ikiganda, usiilazimishe, nenda kwenye koki kuu. Kila mtu mzima wa nyumba yako, na dada wa kazi pia, ajue koki kuu ilipo kabla ya siku ya taabu. Vuta maji mara moja, halafu kausha yaliyobaki ndani ya tangi kwa sponji. Maji ya ndani ya tangi ni safi, lakini nje na nyuma kuna uchafu, kwa hiyo vaa glovu. Weka ndoo na matambara chini.

Mkono mmoja ndani, mmoja chini

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Ile nati ya chini imeshikana na kifaa cha boya kilicho ndani ya tangi. Ukiizungusha nati peke yake, kifaa cha ndani nacho huzunguka, boya hugonga ukuta wa tangi, na hakuna kinachofunguka. Ni lazima mtu ashike kwa ndani wakati mwingine anazungusha kwa chini. Kazi hii inataka watu wawili, na mwenye mkono mwembamba ndiye akae chini.

Nati ya plastiki mara nyingi hufunguka kwa mkono tu, ukivaa glovu ya mpira ili isiteleze. Ya chuma tumia spana ndogo ambayo mdomo wake hupanuka na kubana. Ile kubwa ya bomba ina mpini mrefu, na nguvu yake ni nyingi kuliko kauri inavyoweza kustahimili. Mafundi wana spana nyingine yenye shina refu na kichwa kinachogeuka, iliyotengenezwa kwa ajili ya nati zilizojificha chini ya masinki. Ukiweza kuazima hiyo, kazi itakuwa nusu.

Hapa kwetu maji yana chumvi, nayo huacha ukoko mweupe kwenye nyuzi za nati. Loweka tambara kwenye siki, lizungushie kwenye nati kwa saa moja au mbili, ukoko utalainika. Kama ni kutu ya chuma, paka mafuta ya taa ukaiache usiku kucha, mbali na moto, na uyafute kabisa kabla ya kuweka mpira mpya. Bolti iliyokula kutu mpaka haizunguki hukatwa kwa wembe wa msumeno wa chuma uliotolewa kwenye fremu yake na kuzungushiwa kitambaa upande wa kushikia. Kata taratibu, usiiguse kauri.

Na kama bado hapafikiki? Basi usiendelee kupigana na pembe. Liondoe tangi. Kwenye vyoo vingi ambavyo tangi limekaa juu ya sinki, hushikiliwa na bolti mbili au tatu tu. Ukishafunga maji, kulikausha na kufungua bolti hizo na bomba la maji kule ukutani, linyanyueni watu wawili, mlilaze juu ya blanketi lililokunjwa. Nati iliyokutesa sasa iko mbele ya macho yako, nawe umekaa kwenye kigoda kama mtu anayechambua mchele. Mimi ningalijua hilo, tangi langu lingekuwa zima hadi leo.

Kufunga kwa kiasi

Mpira wa zamani uende nao dukani, usikisie ukubwa. Bomba la kuingiza maji mara nyingi ni la nusu inchi, lakini unene wa mipira hutofautiana. Safisha mahali mpira utakapokaa. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba huzungushwa kwenye nyuzi za chuma, kwa kufuata upande wa kukazia. Pale ambapo mpira ndio unaozuia maji, utepe hauhitajiki.

Anza kufunga kwa vidole mpaka vishindwe. Kisha ongeza kwa spana robo mzunguko tu. Fungulia maji kidogo kidogo, zungushia tena karatasi kavu, na ungoje. Ikilowa, ongeza kidogo tena. Kauri haivumilii kubanwa, na ikipasuka haiungiki.

Ushauri wa muuguzi

Kwanza, kauri iliyovunjika hukata kama wembe. Ukijikata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha fika kituo cha afya uulize kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama hukumbuki ulichomwa lini.

Pili, usichanganye dawa ya kung'arishia nguo kama Jik na siki, wala na dawa nyingine za kusafishia choo. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya klorini, na chooni ni chumba kidogo. Ukitumia siki kwenye nati, suuza kwa maji mengi kabla ya kupaka kitu kingine.

Tatu, usisimame juu ya sinki la choo ili kufikia tangi la ukutani. Linaweza kupasuka chini yako. Tafuta ngazi imara.

Nne, kama una mtoto mdogo anayeanza kutembea, usiache ndoo yenye maji hata kwa dakika moja. Mtoto aweza kuzama katika maji machache sana.

Tano, ukimaliza, osha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na ufute sakafu mpaka ikauke. Sisi tunaowatembelea wazee wagonjwa kwa niaba ya kanisa tunaona mengi. Mara nyingi bibi aliyelala kitandani na nyonga iliyovunjika hakuanguka porini wala barabarani. Alianguka njiani kwenda chooni, mahali palipokuwa na unyevu ambao kila mtu aliuzoea. Mifupa ya mwanamke hupungua nguvu baada ya hedhi kukoma, na anguko dogo kwako laweza kuwa kubwa kwake.

Wakati wa kumwita fundi

Kama maji yanatoka kwenye nyayo za sinki unapovuta, hayo yamepita kwenye kinyesi. Acha kukitumia choo hicho, watoto wasikanyage hapo, na mwite fundi, maana sinki lenyewe huenda likahitaji kung'olewa. Mwite pia ukiona ufa, bomba lililozikwa ukutani likivuja, au unyevu karibu na nyaya za hita ya maji. Si aibu kusema hapa nimefika mwisho. Aibu ni kulijua tatizo na kulifunika kwa kopo.

Miezi michache baadaye choo chetu cha uani kilianza kudondoka mahali palepale. Safari hii sikuleta kopo. Baba watoto alifunga koki, akaingiza mkono wake ndani ya tangi kushika boya. Mimi nilikaa chini na spana ndogo. Mama mkwe, ambaye mkono wake ulikuwa umepona na macho yamepata nafuu, aliketi mlangoni kwenye kigoda akishika tochi na kutuamuru. "Kulia! Ah, kwako wewe uliye chini ni kushoto!" Tulicheka mpaka spana ikaniponyoka. Kwa dakika arobaini kazi ilikwisha, na mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo kuliko soda.

Basi, dada yangu, leo kabla hujalala chukua tochi ukachungulie nyuma ya choo chako. Ukikuta unyevu, usilete kopo. Mwite mwenzako, mwambie, "Njoo unishikie hapa." Na yeye akikuambia kwamba mkono wake haupiti, usimcheke. Pengine alikuwa anangoja siku nyingi umwulize.